Siku ya Mwisho Ndiyo Yenye Maneno

Wapenzi wengi wakipanga likizo hupanga kwenda tu. Nani achukue ruhusa lini, tulale wapi, tule nini, picha tupigie wapi. Kurudi hakupangwi. Kurudi kunaachiwa nguo chafu, hela iliyobaki na usingizi. Siku ya mwisho tunaiita "siku ya kusafiri", kana kwamba yenyewe haimo kwenye likizo. Halafu mnafika nyumbani kila mtu kanuna, na ukiwauliza kulikoni hakuna mwenye jibu.

Mimi naiona tofauti. Ndoa yangu ina miaka saba, na mume wangu ni mtu wa kupenda barabara, kwa hiyo tumesafiri pamoja sana tu. Nikikumbuka maneno yote mazito tuliyowahi kuambiana, mengi yalisemwa siku ya kurudi. Sababu wala si ya kutafuta kwa tochi: muda unakwisha. Mtu aliyenyamaza wiki nzima anajua akinyamaza na leo, basi tena, Jumatatu ofisini. Na wenyeji wenu nao wanajua hivyo hivyo.

Mfano ninaoujua vizuri ni Jumamosi moja ya Agosti 2025, kutoka Bukoba hadi Mwanza, tukiwa wawili ndani ya RAV4 ya kukodi ambayo mwenyewe alitaka aione mlangoni kwake ifikapo saa 12 jioni.

Kwa nini gari

Mimi ni mtoto wa Muleba, kule juu Kamachumu. Ukiwa mtu wa Kagera, safari ya kwenda au kutoka nyumbani si jambo la kuzungumza kwa mzaha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba, ilizama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka namna watu wazima walivyokuwa wakisikiliza redio bila kuongea. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ikaangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwamo, 19 hawakutoka wakiwa hai. Tangu siku hiyo, nikimpigia mama kumwambia nakuja, swali lake la kwanza ni, "Unakuja na nini?"

Tukapata njia ya kati. Tunapanda ndege Dar hadi Mwanza, hapo tunakodi gari, tunaendesha wenyewe. Ya Dar hadi Mwanza mama hayaoni, kwa hiyo hayamuumi. Mume wangu akafurahi kwa sababu nyingine kabisa: yeye ni mzaliwa wa Masasi, na alikuwa hajawahi kuizunguka Kagera akiwa ameshika usukani mwenyewe.

Na kwa kweli tulifaidi. Tulianza na siku mbili katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ukisema jina hilo mbele ya wazee wa kwetu wanatikisa kichwa, maana wao walilijua pori la upande ule kwa majambazi. Kuna miaka magari yalikuwa yanasindikizwa na askari wenye bunduki. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakaunganishwa kuwa hifadhi ya taifa, na leo watu wanalipa kiingilio kwenda kuangalia twiga na viboko kule ambako zamani walipita wakisali. Kutoka hapo tukalala siku mbili kwa mama, kisha siku mbili Bukoba mjini. Mpango ulikuwa siku ya mwisho tupitie tena Kamachumu kumuaga mama, halafu moja kwa moja Mwanza.

Neno lililobaki mezani

Ijumaa usiku tulikuwa Bukoba, ufukweni, tunakula sato wa kuchoma. Upepo wa ziwa, taa za wavuvi kwa mbali, raha yake usiseme. Mume wangu akafuta mikono, akasema taratibu tu, kama mtu anayeagiza soda:

"Ile theluthi yako ya kibanja ikiuzwa, tunapaua Bunju."

Nikuelezee. Tuna nyumba yetu Bunju imesimama kwenye lenta tangu 2023. Kila mwezi tunalipa kodi kwa watu na kila Jumapili tunakwenda kuangalia kuta zetu zinavyoota ukungu. Upande mwingine, marehemu baba yangu alituachia kibanja sisi mabinti watatu pamoja na mama. Kwa asiyejua, kibanja cha Mhaya si shamba tu. Ni migomba, chini yake mibuni, katikati nyumba, na pembeni makaburi ya waliotangulia. Unakula hapo, unauza kahawa hapo, unazikwa hapo.

Sikumjibu. Si kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nayo mawili, na yalikuwa yanagombana. Nyumba naitaka. Tena naitaka kuliko yeye. Tukalipa, tukaenda kulala, kila mtu upande wake wa kitanda akijifanya amechoka.

Kamachumu, saa 2 asubuhi

Tuliondoka Bukoba kabla ya saa 1. Kisiwa cha Musira kilikuwa bado kimejifunika ukungu. Tukapita Kemondo, na tulipofika Muhutwe tukaiacha barabara kuu, tukapanda kwenda Kamachumu. Agosti ni msimu wa kahawa, kwa hiyo karibu kila uwanja wa nyumba ulikuwa na mkeka au turubai, kahawa imeanikwa, na mtoto mmoja au wawili wamewekwa kufukuza kuku.

Nilipiga magoti kumsalimia mama kama nilivyofundishwa. Mume wangu akainama kidogo. "Shikamoo mama." "Marahaba mkwe wangu. Mtakula kwanza." Ilikuwa saa 2 asubuhi, na ndizi zilikuwa zimeshaiva kwa maharage na samaki mkavu. Nikamwona mwenzangu anaiangalia saa. Nikamkanyaga mguu. Tukala.

Tulipomaliza, mama akaingia ndani akatoka na bahasha ya kaki. Hakukaa kwenye kiti chake cha kawaida. Alikaa akitutazama sote wawili.

"Humu mna nakala ya wosia wa baba yako na karatasi za mirathi za mahakama. Nyingine nimebaki nazo. Nataka tukiongelee kibanja, na nataka mkwe wangu asikie kwa masikio yake."

Moyo ukanilipuka. Nilitazama sakafu.

Mama akaeleza bila haraka. Baba mdogo mmoja hajawahi kuukubali ule wosia. Hagombani, hapana, anakuja anakunywa chai, lakini kila akija anaacha neno lile lile: ardhi ya ukoo haiendi kwa watoto wa kike, maana watoto wa kike wanaipeleka kwa wanaume wa nje. "Mimi nikiwapo ananiheshimu," akasema mama. "Nisipokuwapo?"

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili si la nyumbani kwetu tu, na lina historia yake pale pale Muleba. Mwanamke aliyeitwa Holaria Pastory alirithishwa ardhi na baba yake kwa wosia. Uzeeni, akiwa hana wa kumtunza, mwaka 1988 aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa kaka yake akamshitaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwa mila za Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama hiyo ikamkubalia. Mahakama ya Wilaya ikaipindua hukumu, na kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizomo kwenye Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale ya mwanaume. Miaka tisa baadaye, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaandika wazi kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Wanasheria wanaisoma kesi ile mpaka nje ya nchi. Mama hajaisoma popote. Yeye aliisikia ikizungumzwa na watu wakati inatokea.

"Yule mama alishinda haki ya kuuza," akasema. "Sawa, ni haki yake, alikuwa na shida. Mimi nataka ninyi muwe na karatasi ya kukataa kuuza. Mtu akija na maneno, mnamwonyesha. Na mtu akija na hela, mnamwonyesha hiyo hiyo."

Kisha akamgeukia mume wangu. "Mkwe, umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Kusikia si kujibu."

Kimya kikapita. Kuku akaingia kwenye kahawa, hakuna aliyemfukuza. Mume wangu akasema, "Mama, mimi ni mtu wa Masasi. Kwetu mikorosho ya babu haiuzwi na mkwe."

Mama akacheka mpaka akajifuta macho. Akainuka, akamletea kipakiti cha kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na majani na kukaushwa, ambayo kwetu mgeni wa heshima haondoki bila kupewa. Zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walichukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani lina punje mbili, kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake. Mama hakusema chochote kuhusu hilo. Alimpa tu, akamwambia, "Ukisikia usingizi njiani, tafuna."

Tulipakia mikungu miwili ya ndizi. Saa 5 kasorobo tukaondoka. Mama alisimama barabarani mpaka kona ikamficha.

Kilomita za kimya

Ungedhani tuliondoka hapo tukiwa tumeshikana mikono. Wapi! Tulipofika tu barabara ya lami, baada ya Muleba mjini, mume wangu akaniuliza bila kugeuza shingo:

"Ulimwambia mama?"

"Nilimwambia nini?"

"Nilichosema jana."

"Sikumwambia. Ningemwambia saa ngapi?"

"Kuna simu."

Msomaji, hapo ndipo penye mtihani. Ndani ya gari hakuna chumba cha pili cha kwenda kununia. Hakuna jikoni, hakuna televisheni, hakuna rafiki wa kumpigia asisikike. Ningeweza kupandisha sauti, na sababu nilikuwa nayo. Nikamwambia mara moja tu, "Bahasha ile ilikuwa imeshaandaliwa kabla hatujatoka Dar. Angalia tarehe kwenye risiti ya kutolea nakala." Nikanyamaza, naye akanyamaza.

Kyamyorwa tukaacha njia ya Biharamulo, tukakata kushoto kuelekea Chato. Barabara safi, matuta tele, na askari wa tochi wakijitokeza kila unapojisahau. Mume wangu aliendesha kilomita 50 kwa saa vijijini kama sheria inavyotaka, na nadhani ule utaratibu ulimsaidia kupoa. Mahali fulani kabla ya Buseresere akafungua kipakiti, akatafuna punje moja, akakunja uso, akaniletea na mimi moja. Sikumwambia kitu. Nikaipokea.

Katoro tukasimama kwa chai na mishikaki. Pale kuna kelele za pikipiki na wachuuzi kiasi kwamba mnaweza kuzungumza siri zenu zote. Akaitoa ile bahasha, akaikuta risiti. Nakala zilitolewa Julai. Akaikunja, akairudisha.

"Jana nilikuwa nahesabu mabati," akasema. "Sikuwa nahesabu kibanja cha mama."

"Na mabati bado tunayahitaji."

"Tunayahitaji."

Tukaanza kuongea kama watu wanaotaka kupata jibu. Kwanza tukakubaliana kwamba theluthi yangu si kitu cha kukatwa kama keki; wapo dada zangu wawili na mama, na yeyote akiuza kipande, anampa baba mdogo ushahidi anaoutafuta. Pili, tukaandika kwenye simu yale ambayo mama anayataka: mipaka ikaguliwe majirani wakiwapo, maombi yapelekwe halmashauri ya kijiji, itolewe hatimiliki ya kimila kwa majina ya mama na mabinti wote watatu. Nilimuuliza kama angependa na jina lake liwemo, maana sheria inaruhusu kumiliki kwa pamoja. Akasema, "Hapana. Bunju tuandike yote mawili. Kule liache la kwenu." Na tatu, tukaahirisha paa. Si kwa furaha. Alisema, "Basi tunalipa kodi mwaka mwingine," na mimi nikasema, "Tunalipa," na hakuna aliyetabasamu.

Nataka ulione hilo la tatu. Mapenzi ya kwenye kadi hayana gharama. Uamuzi wetu ulikuwa na bei, na tuliitaja kwa sauti tukiwa bado njiani, kabla hatujarudi kwenye ile nyumba ya kupanga ambako bei yenyewe ingeanza kuuma.

Darajani

Baada ya Geita na Sengerema tukafika Busisi. Wanaoijua safari hii wanakumbuka foleni ya kivuko: unafika una haraka, unakuta malori na mabasi yamejipanga, unashuka, unanunua karanga, unasubiri. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji kati ya Busisi na Kigongo. Sasa unavuka kwa dakika chache. Mume wangu, ambaye huko nyuma alikuwa akiiangalia saa kila kona, alipunguza mwendo mpaka gari la nyuma likatupigia honi.

"Tungekuwa na kivuko, tungeongea hapa," akasema.

"Tumeshaongea," nikamwambia.

Tulijaza mafuta Usagara kama tulivyokubaliana na mwenye gari. Saa 12 kasoro dakika 20 tukamkabidhi funguo. Akazunguka gari lake lote, akapiga tairi teke, akachungulia nyuma, akakuta majani ya mgomba. "Mmetoka Bukoba," akasema, hata hakuuliza. Tukamwachia kichane kimoja cha ndizi, tukaenda uwanja wa ndege.

Kwa wewe unayepanga likizo

Sikuambii uende Kagera, ingawa ukienda hutajuta. Nakuambia uipe siku ya kurudi nafasi yake. Usiijaze ratiba ya kununua zawadi na kupiga picha za mwisho. Ondokeni mapema ili msiwe watumwa wa saa. Kama kuna mzazi njiani, mpitieni, mle chakula chake hata kama ni asubuhi, na msiinuke mpaka aseme alichopanga kusema. Wazazi wetu wengi hawapigi simu kueleza mambo makubwa. Wanasubiri uwe umeshabeba begi.

Na ninyi wawili, kama kuna neno lililobaki mezani usiku wa mwisho, lisifike nyumbani likiwa halijafunguliwa. Nyumbani lina mahali pengi pa kujificha: kazi, watoto, ankara ya umeme, mpira. Mwenye usukani asilazimishwe kujibu papo hapo; barabara nayo inataka macho yake. Ulizeni swali moja, mpeane kilomita za kutosha, kisha msimame mahali penye chai.

Mkungu mmoja wa ndizi uliiva wote kwa pamoja, tukagawia jirani kushoto na kulia. Paa la Bunju bado. Dada zangu wamekubali tarehe ya kukutana Kamachumu, na safari hii tutakwenda na mtu wa kupima. Jumapili ile, siku moja baada ya kufika, mama alipiga simu kujua kama tumelala salama. Nikampa mkwe wake. Walizungumza zaidi ya dakika kumi, kisha nikamwona mume wangu anakwenda chumbani, anafungua kabati, anasema kwenye simu, "Ndiyo mama, naiona. Iko hapa, juu ya mashati yangu."